Mrejesho: Tableti ya kuendeshea muziki bila waya sasa imetulia

Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini iPad yangu, ninayoitumia pamoja na TouchOSC (programu inayoigeuza tableti kuwa rimoti) kuendesha Ableton Live, programu ya muziki iliyo kwenye kompyuta, ilikuwa ikichelewa au kukatika kabisa ukumbi unapojaa watu. Nawashukuru kwa dhati mlionishauri niachane na Wi-Fi ya ukumbi. Nimenunua ruta yangu ndogo, isiyounganishwa na intaneti, nikaiweka kwenye masafa ya 5 GHz badala ya yale ya 2.4 GHz yanayogombewa na simu za wageni, na kompyuta nikaiunganisha kwa waya ili tableti pekee ibaki hewani. Jumamosi, kwenye harusi, nilishuka hadi katikati ya wachezaji, nikapunguza besi kwa kidole kimoja, na sauti ikaitika papo hapo. Kuunganisha wimbo na wimbo bado nakufanya kwenye miksa, kwa sababu kioo hakina kitufe cha kupapasa gizani.