MREJESHO: Siku ya ufukweni Cefalù na watoto
Wapendwa, niliuliza tukitoka Palermo, kisiwani Sicily nchini Italia, tunakoishi, twende ufukwe gani na watoto bila gari. Mlionishauri Cefalù, asanteni sana! Treni ni kama saa moja, na kutoka stesheni unatembea tu hadi mchangani. Wanangu, waliozoea bahari ya Tanga, walishangaa maji hayapwi: asubuhi na jioni yako palepale, maana kupwa na kujaa kwa Mediterania ni kudogo mno. Ngome ya mchanga ya mdogo ilidumu mchana kutwa! Jua lilipochoma tukaingia kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1131 enzi za Mfalme Roger wa Pili wa Sicily. Mozaiki (picha ya vipande vidogo vya rangi) ya Kristo inang'aa dhahabu, msiikose. Miavuli ya kukodi ni ghali, bebeni yenu.