Kanivali ya Trinidad: barabara ni ya nani siku hizi?

Mtoa mada

Wakuu, kila mwaka Kwaresima ikikaribia picha huwa zilezile: akina dada wenye manyoya na shanga kwenye jua la Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, na chini ya picha watu wamegawana kambi mbili. Wa kwanza wanasema Watrinidadi wameuza mila yao kwa vichupi. Wa pili wanawajibu waache ushamba. Mimi nguo naziacha. Nina ugomvi na kamba.

Kwa asiyejua: bendi kubwa, yaani kundi la wacheza dansi waliovaa mavazi ya kanivali, ikipita Jumanne ya kanivali, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, linatangulia lori la muziki lililopangwa spika hadi juu. Nyuma yake kuna lori la vinywaji, na nyuma zaidi lori la vyoo. Pembeni mwa msafara wote wanatembea vijana wa ulinzi wameshika kamba ndefu. Aliyelipa yuko ndani. Asiyelipa anatazama kando ya njia, na akijipenyeza anatolewa. Kuwa ndani ni mamia ya dola za Kimarekani, na anayetaka manyoya marefu ya mstari wa mbele anaongeza.

Sasa turudi nyuma. Sherehe hii ililetwa na wenye mashamba wa Kifaransa waliohamia kisiwani baada ya tangazo la mfalme wa Hispania la 1783. Walivaa vinyago wakacheza dansi majumbani mwao, na watumwa hawakuwa wageni waalikwa. Utumwa ulipokwisha kabisa 1838, waliokuwa watumwa wakaitoa sherehe nje. Wakawa na Canboulay, msafara wa usiku wa mienge, ngoma na mapigano ya fimbo. Mtu wa pwani yetu angesema ni kirumbizi, ila hiki kilikuwa na damu. Jina ni la Kifaransa, linahusu miwa iliyoungua: shamba likishika moto watumwa walikurupushwa usiku, mienge mkononi, waivune kabla haijaharibika.

Mwaka 1881 mkuu wa polisi, Kapteni Baker, akaamua kuizima Canboulay. Watu wakapambana na askari wake kwa fimbo na mawe katikati ya mji, hadi gavana akawarudisha askari kambini sherehe iendelee. 1884 serikali ikaja na sheria, ikapiga marufuku ngoma na mienge. Watu wakachukua mianzi, wakaigonga chini. Baadaye ikaja mikebe, vifuniko vya mapipa ya taka, hatimaye mapipa ya mafuta yaliyofuliwa kwa nyundo mpaka yakatoa noti za muziki. Ndiyo pani, ambayo 1992 ilitangazwa ala ya taifa.

Mapambano ya 1881 huigizwa kila mwaka alfajiri ya Ijumaa ya kanivali, na watu wanashangilia. Siku nne baadaye kitukuu wa walewale anaambiwa asivuke kamba. Hapo ndipo ninapokwama. Karibuni.

Binti Mwambao

Mkuu, historia umeipanga vizuri, ila kamba umeitazama ukiwa mwanamume.

Bendi hizi kubwa zimejaa wanawake. Wewe unaona ukuta wa pesa. Dada aliye ndani anaona sehemu ambayo atacheza kutwa nzima bila mkono wa mtu asiyemjua kiunoni. Ukishaitoa kamba, unaweka nini? Jibu hilo kwanza.

Na nakushukuru kwa kuziacha nguo, lakini wengine hawataziacha, kwa hiyo niseme mapema. Haya malalamiko ya uchafu ni ya kale kuliko vichupi. Karne ya 19 wanawake maskini wa mitaa ya nyuma waliitwa jamette, neno la dharau kwa watu wa chini ya mstari wa heshima, na magazeti ya wakubwa yaliandika kwamba wanaifedhehesha kanivali kwa nyimbo na viuno vyao. Leo hao hao ndio tunaowaita mashujaa. Wanaume walikuwa na nyimbo zao za kalipso, mshindi akiitwa Mfalme wa Kalipso, mpaka 1978 Calypso Rose aliposhinda na ikabidi jina la taji libadilishwe. Kwa hiyo mtu akiniambia "kanivali ya zamani ilikuwa na heshima", huwa namuuliza: heshima ya nani?

Mzee wa Santuri

Binti yangu, hayo ya heshima nakuunga mkono. Lakini nyote wawili mmeruka jambo: sauti.

Pani ilikuwa ndiyo muziki wa barabarani. Bendi ya pani ilisukumwa kwa mikono kwenye vigari vya magurudumu, na waliovaa vinyago wakaifuata. Huwezi kuizungushia kamba kitu kinachosukumwa na mtaa mzima. Mwenye kusukuma ni nani na mtazamaji ni nani? Mwaka 1963 yakaanza mashindano ya Panorama. Yaliipa pani heshima, wala sibishi, ila pia yaliwafanya wapigaji wakeshe miezi wakinoa kipande kimoja cha dakika chache kwa ajili ya majaji. Kisha miaka ya 1970 ukaja muziki wa soca wa Lord Shorty, aliyechanganya kalipso na midundo ya Wahindi wa kisiwani, na yakaja malori ya spika. Lori lina mwenyewe. Lina dereva, jenereta na mkataba. Likishapita lori, pani haisikiki hata ukiwa umesimama karibu nayo.

Ndiyo maana mimi nasema kamba ilikuja kwa lori. Vichupi vimesingiziwa.

Kijana wa Kariakoo

Lori la vyoo hilo limeniua. Na sisi kwenye mikesha yetu tuige kitu jamani 😂

Mkazi wa London

Niwaambie la huku. Kanivali yetu ya Notting Hill ilizaliwa na watu wa Karibi; Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, aliandaa kanivali ya ndani ya ukumbi 1959, na ya barabarani ikafuata miaka ya 1960. Mwaka mmoja nililipia vazi kwenye bendi moja. Likaja kwenye mfuko wa nailoni, limekunjwa, manyoya matatu yamevunjika na sidiria ni ya mtu mwingine kabisa. Usiku kucha nimekaa na gundi ya moto nikibandika shanga. Jirani yangu, mama wa Kitrinidadi, akaja na waya na koleo, akanikunjia fremu ya mabegani huku akinisimulia jinsi walivyokuwa wakishona bure kwenye kambi za mavazi kwao, wakilipwa chakula na gumzo. Ule usiku niliufurahia kuliko siku yenyewe. Siku yenyewe nilikuwa ndani ya kamba, nikamwona yeye ng'ambo na kiti chake cha kukunja.

Mfanyabiashara

Tusilie sana. Mavazi mengi yanatengenezwa China kwa sababu mnunuzi anataka lifike kwa wakati na kwa bei anayoiweza. Mapipa ya mafuta nayo hayakuwa ya asili. Vinyago vilikuwa vya Wafaransa. Kila kitu kwenye kanivali kimetoka nje, leo China imekuwa dhambi?

Mtoa mada

Mfanyabiashara, pipa lilifika kama takataka, watu wa Laventille, mtaa wa pembeni mwa Port of Spain, wakalifanya ala ambayo dunia haikuwa nayo. Vazi la China linafika limekwisha, limebaki kuvaliwa. Mwaka 1983 mbunifu wa mavazi ya kanivali Peter Minshall alitoa bendi aliyoiita River: Jumatatu watu walipita na pamba nyeupe, Jumanne wakamwagiana rangi mpaka weupe wote ukapotea. Pamba tu na rangi, na mpaka leo watu wanaijadili. Nipe katalogi moja ya manyoya inayojadiliwa baada ya miaka 40.

Binti Mwambao, umenibana. Sina jibu kamili la usalama. Ninachoweza kusema ni kwamba alfajiri ya Jumatatu, kwenye J'ouvert, watu hutoka na tope, rangi na mafuta mwilini, na jioni yake kule kijiji cha Paramin mashetani wa buluu, watu waliojipaka rangi hiyo, wanashuka milimani wakipiga madebe na kutema moto, mtazamaji akiwa hatua mbili tu kutoka kwao.

Binti Mwambao

J'ouvert nayo siku hizi ina bendi za kulipia, mkuu. Unalipa, unapewa fulana, kinywaji na tope lako.

Mzee wa Santuri

Na mimi nina swali dogo. Hao vijana wanaoishika kamba kutwa juani, kwao ni wapi?