Miezi mitatu tunauziwa RAM kumbe kilichokufa ni betri! Hawa watu wa sapoti wanatuonaje?

Wakuu habari za saa hizi. Mods naombeni msiuunganishe huu uzi na ule wa laptop nzito, hii ni seva na nina hasira zangu.

Iko hivi. Ofisini kuna seva kazi yake ni moja tu, usiku inapokea data toka makao makuu, bei mpya, salio za stoo, picha za bidhaa, halafu inazisambaza kwa matawi 42 mpaka Kigoma na Tunduma huko. Inaanza saa 10 alfajiri, zamani saa 11 na nusu imeshamaliza, watu wakifungua duka saa 2 kila kitu kipo. Katikati ya mwezi wa 3 ikaanza kujikokota, inamaliza saa 5 asubuhi, kuna siku matawi ya mwisho yamepata bei za leo saa 7 mchana. Dada wa kaunta Tunduma kauza saruji nusu siku kwa bei ya jana, jioni hesabu hazikai, wakataka kumkata yeye kwenye mshahara. Yeye! Na simu zote zinakuja kwangu, kaka bei hazijafika, kaka mbona kimya, nimefika hatua simu ikilia asubuhi nashtuka.

Sasa tuna mkataba na kampuni ya sapoti, siwataji, wanalipwa kila mwezi iwe jua iwe mvua. Tiketi ya kwanza jibu lao: zima washa. Tukazima tukawasha. Ya pili: intaneti ya mikoani mbovu. Haya, mbona tawi la humu humu ndani ya jengo, lipo swichi moja na seva, nalo linachelewa? Kimya. Ya tatu akaja kijana wao, akaandika free, ile amri ya kuonyesha RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) imebaki kiasi gani, akaweka kidole kwenye skrini, "unaona kaka, RAM ni 32GB na iliyobaki ni 400MB, RAM imeisha hii". Bosi pembeni anatikisa kichwa. Nikamwambia mdogo wangu soma basi safu ya mwisho, pale kwenye available pameandikwa 26GB, Linux, mfumo unaoendesha hii seva, ikiona RAM imekaa bure inaitumia kuhifadhia mafaili, programu ikiihitaji inaiachia. Akaniangalia kama nimemtukania mama.

RAM ikanunuliwa, vipande viwili vya 16GB. Baada ya siku tatu free inasoma 500MB na matawi yanalia vilevile. Unajua wakasemaje? Ongezeni tena. Na bosi akasaini TENA.

Hapo nikaamua kulala ofisini. Saa 10 na nusu naangalia top, amri ya kuona mashine inafanya nini, load (foleni ya kazi) 46 kwenye mashine ya kori 8, ndo ile waliyoandika kwenye ripoti yao eti "CPU imezidiwa". CPU gani imezidiwa wakati us, muda wa kuendesha programu, ni asilimia 4 na wa, muda wa kukaa tu ikisubiri diski, ni 82! Kwenye Linux ile load inahesabu na zile prosesi zilizokwama zinasubiri diski, kila nikiangalia naona D D D tupu, ndo alama ya hizo zilizokwama. Nikapiga iostat -x 1, amri ya kupima diski, diski iko asilimia 100, kila andiko linasubiri zaidi ya milisekunde 400. Na ile programu ya kusambaza inanakili kila kitu kwenye folda ya kila tawi, yaani vifaili vidogo mara 42, na kila kimoja inalazimisha kikae kweli kwenye diski ndo iende kingine. Sasa RAID 5 (diski kadhaa zimeunganishwa, moja ikifa data inabaki) ya diski za kuzunguka, andiko dogo moja ni soma mara mbili andika mara mbili, zitatoboa wapi?

Lakini mbona zamani ilikuwa inaweza? Hilo ndo lililoninyima usingizi. Nikaingia kwenye logi ya kontrola ya RAID, kile kifaa kinachoendesha hizo diski. Mwezi wa 3 tarehe 11 saa 8 usiku, betri ya kache imekufa. Kache ni kumbukumbu ya kontrola inayopokea maandiko haraka kabla ya kuyapeleka kwenye diski, na betri inayalinda umeme ukikatika. Betri ikifa kontrola haiamini tena kache yake, kila kitu inaandika moja kwa moja kwenye diski, basi hapo ndo konokono alipozaliwa. Kuna namna ya kuilazimisha itumie kache bila betri, ila umeme wetu mnaujua, ukikatika katikati data imeliwa, sikuthubutu.

Kinachoniuma, mkataba unasema kila mwezi wanakagua vifaa, na ripoti ya mwezi wa 4 na wa 5 ninazo hapa, zimeandikwa "vifaa vyote viko vizuri". Waliikagua seva gani hao?

Betri tumebadilisha Jumamosi, bei yake haifiki robo ya zile RAM. Jumatatu seva imemaliza saa 11 na dakika 20. Jumanne wakatuma ankara: "uboreshaji wa utendaji wa seva". Nimeiprinti nimeibandika ukutani.

Kuna mtu humu amewahi kuvunja mkataba wa namna hii bila kulipa faini? Na kama kuna anayehitaji RAM za seva, DDR4 ECC, vipande vinne vya 16GB, zimetumika miezi miwili kuhifadhia hewa, aje PM.