Mnawabadilisha wazee wetu nyonga, halafu mnawaruhusu bila dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa nini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Mama yangu amebadilishwa nyonga Dar. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, madaktari bingwa nawapa heshima yao. Wodini alikuwa anachomwa sindano ya tumbo kila jioni. Siku ya kuruhusiwa tukapewa dawa za maumivu, antibayotiki na tarehe ya kutoa nyuzi, basi. Hakuna aliyetuambia ile sindano ilikuwa ya nini, wala kwamba kinga ile inatakiwa kuendelea nyumbani.

Tukampandisha basi hadi Tanga, zaidi ya kilomita 300, kakaa mguu umekunjwa. Baadaye shavu la mguu likavimba, likawa la moto, linauma. Majirani huku Makorora wakasema ni kawaida ya upasuaji, na mama mdogo akataka kuleta mkandaji. Ultrasaundi ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa wa paja. Alhamdulillahi halikupanda kwenye mapafu. Na msimkande mtu mguu uliovimba hivyo kabla hajapimwa, bonge linaweza kung'oka likasafiri.

Kinachoniuma ni kwamba hatari hii inajulikana kabla mgonjwa hajalazwa. Mishipa inajeruhiwa, damu inatembea polepole kwa sababu ya kulala, na mwili wenye jeraha unaifanya damu igande upesi. Zamani, kabla kinga haijawa kawaida, wagonjwa wa nyonga na goti walipopigwa picha za mishipa, 40 hadi 60 katika kila 100 walikutwa na mabonge, mengi hayana dalili yoyote. Tena kwa nyonga, mabonge mengi yenye dalili hujitokeza mtu akiwa ameshafika kwake.

Mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya matibabu, umeweka wazi: mgonjwa wa nyonga apewe sindano za heparini nyepesi (dawa ya kuzuia damu kuganda) siku 10 kisha aspirini siku 28, au sindano siku 28 pamoja na soksi za kubana hadi aruhusiwe, au vidonge vya rivaroksabani, navyo vya kuzuia damu kuganda. Hivyo vidonge kwa nyonga humezwa siku 35, kwa goti wiki mbili hivi. Sasa mtu akiachishwa kila kitu getini, hiyo ni kinga gani?

Mtaniambia mnaogopa mgonjwa kutokwa damu. Hofu hiyo ni ya kweli, na mwongozo huohuo unataka hatari zote mbili zipimwe, ya kuganda na ya kutoka damu. Pimeni basi, muandike! Kama daktari ameamua mgonjwa asipewe, sababu ionekane kwenye faili. Kwa mama hapakuandikwa chochote. Nilipouliza, daktari akasema kadi ya kuruhusiwa huandikwa na intani (daktari aliye mafunzoni), nesi akanielekeza famasi, famasi wakasema bima haikupitisha. Mgonjwa ni wa nani?

Kubandika mwongozo ukutani hakutoshi, karatasi ya ukutani haimchomi mtu sindano. Wekeni fomu ambayo daktari hawezi kufunga faili kabla hajajaza jina la dawa, kipimo na tarehe ya dozi ya mwisho. Mgonjwa aondoke na dozi zote mkononi, maana huku kwetu duka la dawa la mtaani sindano hizo huzikuti. Kila mwezi mafaili yakaguliwe, wodi ionyeshwe ni wangapi walikosa dozi na kwa nini. Ndugu afundishwe kuchoma kabla ya kuondoka.

Mwenye mgonjwa aliyeruhusiwa karibuni, akivimba mguu mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa pumzi ghafla, akichomwa kifua au kukohoa damu, msisubiri kukuche.

Manesi na madaktari mliomo humu: kadi ya kuruhusiwa ya wodi yenu ina mstari wa dawa hii au haina? Na usipojazwa, anaulizwa nani? Nataka majibu, barua ya malalamiko naiandika wiki hii.