Mrejesho: Lua ndani ya kihariri changu cha C

Wakuu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kupachika Lua 5.4 (lugha ndogo ya programu) kwenye kihariri changu cha maandishi nilichoandika kwa lugha ya C, maana skripti ya mtumiaji ikikosea, programu nzima ilijifunga.

Aliyesema nitumie lua_pcall, inayonasa makosa ya skripti, badala ya lua_call isiyoyanasa, ubarikiwe sana. Sasa kosa linajitokeza tu pale chini ya skrini, pamoja na namba ya mstari, na kazi inaendelea.

Kwa skripti zisizoisha, lua_sethook yenye LUA_MASKCOUNT (huita funksheni yangu, yaani hook, kila baada ya idadi fulani ya maagizo ya Lua) imesaidia nusu: mzunguko usioisha kama `while true do end` unakatwa vizuri, ila string.find (ya kutafuta ndani ya maandishi) yenye patani (pattern) nzito bado inagandisha kila kitu, kwa kuwa yenyewe imeandikwa kwa C, na hook haiitwi ndani ya msimbo wa C. Aliyenishauri nihamie Python, samahani mkuu, kwa kihariri kidogo hivi naona ni mzigo. Asanteni wote.