Miezi 19 nafuata fidia ya mguu wangu, jana wameniambia fundi wa nguo anashona kwa mikono

Ndugu zangu, nimeamka na hasira ileile niliyolala nayo. Mama ya watoto ameniambia niache kupiga meza ngumi, niandike. Basi naandika. Itakuwa ndefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi wa kushona. Kazi yangu naifanyia kwenye baraza ya duka moja hapa komini ya Kenya (si nchi, ni sehemu ya jiji letu), Lubumbashi, Kongo, na nyumbani ni Katuba. Tarehe 12 Oktoba 2023, siku ya Alhamisi, nilipanda pikipiki kupeleka nguo za harusi Ruashi: suti 2 za wasimamizi na vitenge 6 vya mashangazi wa bibi harusi, vyote ndani ya mfuko mmoja nilioupakata. Tukashika njia ya Kasenga. Upande wa Bel-Air, mbele yetu, lori lilikuwa linakuja pole pole na nyuma yake taksi-bisi, basi dogo la abiria.

Wanaoishi hapa wanajua, wasioishi niwaeleze. Magari mengi ya huku yanatoka Japani, yanashukia Dar es Salaam, na usukani wake uko kulia. Lakini Kongo tunatembeza gari upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa kando ya mtaro. Akitaka kulipita lori hawezi kuchungulia, lazima kwanza atoe nusu ya gari nje ndipo aone kinachokuja. Siku ile kilichokuwa kinakuja ni mimi.

Mwenye pikipiki alijitupa kulia akachubuka kiwiko. Mguu wangu wa kushoto ulibanwa kati ya bampa na pikipiki, mifupa yote miwili chini ya goti ikavunjika. Mnajua nilichofanya? Nilikaa pale chini nikitazama kitenge kimoja kilichopasuka, nahesabu kichwani nitahitaji mita ngapi kukirudisha. Mguu nimekuja kuuona baadaye, watu walipoanza kupiga kelele.

Hospitali wakanitia chuma na skrubu 7. Bili, dola 1,150. Niliuza cherehani yangu ya umeme, shemeji yangu akauza simu yake, tukakopa kanisani, bado hazikutosha, nikazuiwa wodini siku 9 zaidi kama mateka mpaka deni likatulia. Hayo yana uzi wake, siku nyingine.

Nataka niwaeleze siku ya tatu baada ya operesheni, maana pale ndipo nilipouzwa. Bosi mwenye taksi-bisi alikuja na gunia la unga wa mahindi kilo 25, dola 200 ndani ya bahasha, na uso wa msiba. Akakaa kwenye kitanda changu. Akaniita papa, yaani baba, ingawa ananizidi umri. "Papa, pole sana. Ni aksida, hakuna mutu anapenda. Kamata hii, watoto bakule." Mama mkwe wangu alikuwa pale, akamshukuru mpaka akapiga magoti. Kisha bosi akatoa karatasi mfukoni. "Weka saini hapa, ni ya kuonyesha tu kama nilikuya kukuona."

Kifaransa nasoma. Nilimaliza shule. Lakini na dawa ya maumivu niliyochomwa asubuhi ile hata jina langu ningelisoma kinyume. Nikaweka saini. Bukari, yaani ugali, wa unga ule ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Leo kila nikikumbuka ladha yake natamani kutapika.

Karatasi ile ina mstari mmoja: "pour solde de tout compte". Maana yake tumemalizana, sidai tena kitu. Mguu, kwa dola 200 na gunia moja.

Twende kwa polisi wa rulaji, wale wa barabarani. PV, yaani ripoti yao ya ajali, haikuandikwa kwa wiki tano kwa sababu, nilivyoambiwa, kompyuta iko ila karatasi hakuna. Nikanunua rimu. Halafu mafuta ya kwenda kupima barabara hayakuwepo. Nikanunua mafuta. Nilipopata nakala, mchoro unaonyesha taksi-bisi iko upande wake, imenyooka kama mstari wa rula, na pikipiki ndiyo imekatiza. Na vioo vya taa ya taksi-bisi viliokotwa upande wetu! Mwenye pikipiki anavyo viwili nyumbani kwake mpaka leo. Ilibidi nirudi mara sita mpaka mkubwa wao mmoja, mzee wa watu, alipokubali kuandika maelezo ya mashahidi wawili waliokuwa wanauza makala (mkaa) kando ya njia. Yule sitamsahau, hakuniomba hata franga.

Sasa bima. Kwa sheria, gari lolote likiingia barabarani Kongo lazima liwe na bima ya kuwalipa watu litakaowaumiza, na sheria hiyo ni ya Januari 1973, si ya jana. Miaka yote hiyo ilikuwa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake. Mwaka 2015 ikatoka sheria mpya ya bima, na tangu 2019 kampuni nyingine zikapewa ruhusa, tukafurahi, tukasema mwenye duka akipata jirani atajifunza kumsalimia mteja. Kampuni ya bima ya gari lililonigonga sitaitaja jina, ikiwa ya zamani au mpya haidhuru. Kibandiko kwenye kioo cha mbele kilikuwa halali. Hilo walikiri siku ya kwanza, na tangu siku hiyo hawajakiri tena kitu.

Nimekwenda kwenye dirisha lao na magongo, kisha na gongo moja, sasa nakwenda na fimbo. Mlinzi wa getini ameuona mguu wangu ukipona kuliko daktari wao. "Rudia kesho." "Mwenyi dosie yako eko Kinshasa." "Munapashwa kungoya ekspe." Dosie ni faili langu, na huyo ekspe ni daktari wao wa kupima kiwango cha ulemavu. Nilimngoja miezi minne. Aliponiona nilikuwa nimevaa soksi. Akakunja goti langu, akalinyoosha, akakunja tena, akaniuliza nafanya kazi gani, akaandika. Soksi hakunivua.

Jana, saa nne, wamenipa jibu. Ulemavu wa kudumu, asilimia 8. Malipo, dola 380. Na barua imeeleza kwa nini, naitafsiri kama ilivyo: kazi ya mwombaji ni ushonaji, hufanywa kwa mikono akiwa amekaa, hivyo jeraha la mguu halikupunguza kipato chake.

Nisomeeni tena hapo. Amekaa!

Huyu daktari hajawahi kuona cherehani ya kukanyaga? Mama yake hakuwa nayo? Kanyagio linataka miguu miwili: mmoja mbele unasukuma kwa vidole, mwingine nyuma unarudisha kwa kisigino, na hiyo kazi yote inafanywa na kifundo, si goti. Kifundo changu cha kushoto hakikunji tena, kimekauka kama bawaba yenye kutu. Nikikanyaga kwa mguu mmoja, gurudumu linapoteza mwendo, linageuka na kurudi nyuma, na likirudi nyuma uzi unasokotana chini ya sindano na kukatika. Natoa kitambaa, nasafisha, natunga uzi upya, naanza. Mshono wa suruali mmoja, uzi unakatika mara tatu. Ile ya umeme ndiyo niliyouza kulipa hospitali, na hata ningekuwa nayo, umeme wa mtaani kwetu unafika usiku wa manane, unachaji simu, unaondoka.

Zamani kila Septemba, watoto wakirudi shule, nilikuwa natoa sare za bluu na nyeupe 12 kwa wiki. Septemba iliyopita nilitoa 4, na jioni mguu ulikuwa umevimba mpaka mtoto wangu mdogo akauita mkate. Wateja hawakunigombeza. Walihamia kwa fundi wa jirani, basi, tena mmoja wao alinisalimia kwa huruma akipita na kitambaa chake kwapani.

Halafu kwenye zile dola 380 wamekata tena, kwa sababu sikuvaa kaske, kofia ngumu ya pikipiki. Niliuliza yule kijana wa dirishani, kwa upole kabisa: mwanangu, kaske inavaliwa wapi? Akasema kichwani. Nikamuuliza, mimi nimevunjika wapi? Akaniambia, "Papa, mimi si njo naandikaka." Yaani si yeye anayeandika.

Na chini kabisa ya barua, wamebandika nakala ya ile karatasi ya bosi. Wanasema kwa kweli hawakupaswa kunilipa chochote kwa kuwa nilishamalizana na mwenye gari, ila wananipa kwa huruma. Huruma! Bosi alikatiwa bima kwa pesa ya abiria, na mimi ni mmoja wa abiria waliomlipa miaka yote.

Niliipeleka barua kwa avoka (wakili) wa ile ofisi ya ushauri wa bure ya mawakili. Msichana mdogo, lakini ana kichwa. Alisema mambo ambayo hakuna aliyeniambia kwa miezi 19, ndiyo maana nayaweka hapa, huenda yakamfaa mwingine. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya madai kinasema aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima aurekebishe uharibifu. Cha 260 kinamfunga mwajiri kwa yale aliyoyafanya mfanyakazi wake akiwa kazini, kwa hiyo bosi hawezi kumsukumia dereva peke yake. Na kumjeruhi mtu kwa uzembe ni kosa la jinai, kifungu cha 54, kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 na faini, au kimojawapo tu, na kesi hiyo ni ya Jamhuri, haifi kwa sababu mimi nilikula unga wa mtu. Parke, yaani waendesha mashtaka wa serikali, wakilala naweza kumwita dereva moja kwa moja mbele ya mahakama ya amani, ile ya ngazi ya chini, nikadai fidia humo humo, na kampuni ya bima ikaitwa ijibu pembeni yake. Kuhusu karatasi alicheka. Kampuni haikuwa na jina lake humo, na mtu wa siku ya tatu baada ya kuchomwa dawa si mtu wa kufanya naye mapatano.

Nikatoka pale natembea kama sina fimbo. Kisha nikauliza gharama. Kumpelekea mshitakiwa wito, hela. Kufungua dosie, hela. Ukishinda, kabla ya kupewa nakala ya hukumu ya kwenda kumkamata nayo mdaiwa, unalipa kwanza ushuru wa kadiri ya pesa uliyohukumiwa kulipwa, hiyo ambayo bado hujaiona. Kuna cheti cha umaskini kinachoweza kukupunguzia mzigo, na kukipata unapanga mstari kuthibitisha kwamba huna kitu. Sawa, hilo nitaliweza vizuri.

Shangazi yangu anasema niwaachie, Mungu atalipa. Shangazi namheshimu, lakini Mungu hakuwa ameshika usukani wa kulia.

Ninachouliza hapa, na naomba majibu ya watu yaliyowapata, si ya kubahatisha. Nani amewahi kupata daktari mwingine wa kupinga asilimia za daktari wa bima, na mahakama ikamsikiliza? Ulimlipa wewe au aliteuliwa na hakimu? Na aliyekwenda mahakama ya amani Lubumbashi kwa ajali ya barabarani, ilichukua muda gani mpaka ukashika pesa mkononi? Mkononi, si kwenye karatasi.

NYONGEZA, jioni hii: Nimesoma majibu. Yule aliyeandika "chukua 380, ukingoja utapata sifuri", yaya (mkubwa wangu), nakuelewa, na nusu ya moyo wangu iko upande wako kwa sababu kodi ya nyumba haingoji hakimu. Lakini ukiichukua unaweka saini tena, na saini yangu ya mwisho nimeshawaeleza ilivyonigharimu. Aliyeniuliza kama dereva alikuja kunipa pole: alikuja, usiku, bila bosi wake kujua, na ndizi. Alilia. Sina ugomvi naye mkubwa, ingawa ataitwa.

Halafu habari mpya. Nimepiga simu kwa kampuni, nimeomba kupimwa upya, wakasema daktari yuko Ijumaa asubuhi tu, nije na "vielelezo vya kazi yangu". Wamesema wenyewe. Basi Ijumaa nakuja na cherehani, nzima, na meza yake na kanyagio lake la chuma, niiweke mbele ya meza ya daktari, nimpe kipande cha kitambaa na nimfunge kifundo cha kushoto kwa ubao na bendeji. Anishonee mstari mmoja ulionyooka.

Mwenye puspus, mkokoteni wa kusukuma, ameomba franga 15,000 kwenda na kurudi. Nimeshamlipa nusu.