Naomba ushauri: mjamzito mwenye koo gumu kupitisha mrija wa hewa, ganzi ya mgongo haiwezekani

Assalaam alaykum wenzangu wa dawa za usingizi. Nipo Pemba. Wiki iliyopita usiku tulipokea mama mwenye kifafa cha mimba, uso na ulimi vimevimba, chembe sahani (za kugandisha damu) zimeshuka mno. Ganzi ya mgongo sikuithubutu, ikabidi nimlaze usingizi kabisa kwa upasuaji wa kumtoa mtoto.

Nilimpa oksijeni dakika 3 kwanza, nikamlaza ameegemea kushoto. Nilipoingiza laringoskopu (kifaa cha kutazamia koo) sikuona ila nyama iliyovimba, na oksijeni ikaporomoka kutoka asilimia 98 hadi 80 upesi kuliko nilivyotarajia. Najua mjamzito hana akiba, kizazi kimesukuma juu kiwambo cha chini ya mapafu na mwili unakula oksijeni nyingi, lakini kuliona kwa macho ni jengine. Tukampulizia oksijeni kwa bagi na barakoa ya uso, tukamwinua kichwa na mabega kwa mashuka, mrija wa hewa namba 6.5 ukapita mara ya pili. Alhamdulillah, mama na mwana wazima.

Tangu hapo silali vizuri. Laringoskopu ya video hatuna, barakoa ya laringi (inayokaa juu ya njia ya hewa kooni badala ya mrija) ipo moja. Mkishindwa kupitisha mrija mara mbili, mtoto naye yumo hatarini, mnaweka barakoa mkaendelea na upasuaji, au mnamwamsha mama? Nahofia matapishi kuingia mapafuni. Kumpeleka Unguja usiku ule haikuwezekana. Na mazoezi ya kutoboa shingo kupitisha hewa vyengine vyote vikishindikana mnawafanyishaje wenzenu wa tiata?